Aliyeitundika Gwendoline

Kwetu huku, kwenye mifereji ya Cheshire na Staffordshire, kila mtu anaitwa bata. Daktari ni bata, muuza magazeti ni bata, hata yule mpumbavu aliyepita na boti yake mbio mpaka chai yako ikakumwagikia mapajani, utamtukana kwa kuanzia na bata. Mke humwita mumewe bata, na mume vivyo hivyo. Na mwanamume, hata akiwa na miaka themanini na meno ya kununua, wenziwe watamwita kijana. Mimi nauza makaa ya mawe, dizeli na mitungi ya gesi nikiwa juu ya boti, nina wateja zaidi ya mia, na nakiri wapo niliowapelekea makaa miaka kumi bila kujua majina yao. Sikuwahi kuhitaji kuyajua. Tangu mwaka juzi nalichukia neno hilo, ingawa bado linanitoka mdomoni kila siku.

Cyril Bloor alizaliwa Burslem, mji wa matanuri. Alikuwa mpanga vyombo kwenye kiwanda cha udongo: anapakia vikombe na sahani kwenye masanduku, anajitwisha kichwani, anaingia nayo ndani ya tanuri lililokuwa bado halijapoa vizuri. Mpaka uzeeni utosi wake ulikuwa bapa. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walibaki wakinung'unika mabaani. Yeye na mkewe, Avis, wakauza nyumba wakanunua boti nyembamba ya futi hamsini na saba, ambayo ukilala kukingama kichwa chako kinagusa ukuta huu na miguu inagusa ule. Wakaiita Gwendoline, jina la mama yake Avis. Cyril alisema jina linafaa kwa sababu mama mkwe naye alikuwa mrefu, mwembamba na mgumu kugeuza.

Waliishi humo miaka thelathini na moja. Binti yao, Janine, alihamia nchi kavu mara alipopata mshahara wake wa kwanza, akasema hataki tena kulala mahali ambapo choo kinabebwa kwa mkono. Wao walibaki majini. Cyril hakuwa mtu wa haraka. Boti zetu zenyewe haziendi haraka, mtu mwenye mbwa mzee atakupita kwa miguu, lakini Cyril alikuwa akipunguza hata hapo, asije akabomoa kingo kwa mawimbi au akawatikisa waliofunga boti zao. Shaba ya boti yake iling'aa. Mkewe alikuwa akipika mikate laini ya shayiri yenye jibini, na harufu yake ilikuwa ikinivuta kwao nikijifanya nimekuja kuuliza kama gesi imeisha.

Jambo lililompa sifa lilikuwa moja: hakuwahi kutundika boti. Kwa asiyejua, mfereji unapokutana na mteremko hujengwa malango ya maji. Unaingiza boti kwenye chumba cha mawe, unafunga geti nyuma yako, unafungua vizibo vya mbele kwa spana, maji yanatoka, nawe unashuka taratibu pamoja nayo. Sasa, chini ya geti la nyuma kuna kizingiti cha jiwe, kimejificha majini. Tezi, yaani nyuma ya boti, ikibaki juu ya kizingiti hicho wakati maji yanashuka, itakaa juu ya jiwe, na omo, yaani mbele, itaendelea kuzama. Ndani ya dakika mbili boti imesimama kichwa chini, na aliye ndani amekwisha. Ndiyo maana ukutani umechorwa mstari mweupe: kaa mbele yake, basi. Cyril aliwafundisha mstari huo wageni wote waliokodi boti za likizo, tena bila kuombwa, akiwasimamia juu ya vichwa vyao mpaka wakamwona kero.

"Siku nitakayoitundika Gwendoline," alikuwa akisema, "siku hiyo hiyo iuzeni. Sitabishana na mtu. Nitashuka kwa miguu yangu."

Alisema hivyo baani, alisema hivyo kwenye harusi ya Janine, alisema hivyo kwangu mara zisizo na idadi. Alikuwa mtu wa neno lake, na sisi sote tulijua.

Kusahau kulianza kidogo kidogo. Alinunua makaa kwangu asubuhi akaja tena mchana na gunia tupu. Funguo zilikutwa kwenye kopo la sukari. Mara moja alifunga boti upande usio na njia, Avis akalazimika kuruka matopeni. Sisi tulicheka, kwa sababu kila mzee kwenye mfereji ana vituko vyake. Akikutana nawe anakwambia, "Mambo, bata, mguu unaendeleaje?" na kweli mguu unakuuma, kwa sababu nani kwetu asiyeumwa mguu?

Janine hakucheka. Alikuja mwezi wa nne akakaa na wazazi wake kwenye ngazi ya Gwendoline, nami nilikuwepo nikibadilisha mtungi wa gesi.

"Baba, daktari ameshasema. Njooni Crewe mkae kwangu. Kuna chumba cha chini, hakuna ngazi."

"Daktari huyo ana miaka mingapi?"

"Baba."

"Nauliza tu, bata. Alikuwa na chunusi."

"Siku moja utamwua Mama kwenye lango. Unataka hivyo?"

Cyril akaweka kikombe chini, akasema, "Malango kumi na matano ya Audlem. Mchana kweupe, mimi kwenye usukani. Nikiitundika, au nikikosea lolote la kuhatarisha mtu, nitashuka nije kwako. Nisipokosea, utaniacha nife majini kama mtu."

"Nani atashuhudia? Mama atakufichia."

"Peg," wote watatu wakasema karibu kwa pamoja, wakanigeukia. "Peg hadanganyi," Janine akaongeza. Nilijisikia fahari, na sasa nikikumbuka fahari ile naona aibu.

Tulianza Alhamisi moja ya mwezi wa tano, baada ya kifungua kinywa. Miiba ya kandokando ilikuwa imechanua maua meupe, jua lipo lakini upepo una meno. Avis na mimi tulitembea na spana zetu kwenye njia ya kando, Cyril amesimama nyuma na kofia yake, mkono mgongoni juu ya usukani, anaongoza boti kwa kiuno kama kawaida yake. Lango la kwanza aliingia bila kugusa ukuta. La pili vivyo hivyo. Kwenye la nne tulipishana na wanaume sita waliokodi boti, wote wamevaa kofia za unahodha, bia mkononi na chakula cha mchana bado.

"Nyie manahodha," Cyril akawapazia sauti, "mstari mweupe mnaujua?"

"Mstari gani, babu?"

"Babu yako amelala kaburini, kijana. Mstari ule pale! Mkishuka siku ya kurudi mkae mbele yake, la sivyo mtakunywa mfereji badala ya hiyo bia."

Nikamtazama Avis, akanitazama, tukacheka. Mtu aliyepoteza kichwa husema hivyo? Kwenye la saba tulisimama tukala mikate ya shayiri juu ya boriti ya geti, ng'ombe wakituangalia kutoka ng'ambo. Avis alikuwa na furaha niliyokuwa sijaiona kwake tangu baridi iishe. Alinong'ona, "Atapita, Peg. Mikono yake haijasahau kitu." Nikasema naona hivyo hivyo. Nilitaka apite. Sikuwa shahidi wa haki hata kidogo, nilikuwa nimeshaamua.

Tulipotoka lango la kumi niliona magoti ya Cyril yanatetemeka. Kusimama kwa muda wa saa nne si mchezo kwa mtu wa miaka sabini na tisa. Avis akamwambia ampe usukani kwa lango moja, yeye ashuke anyooshe miguu na kushika spana. Avis akaniuliza kwa macho. Nilikubali, nikajiambia kwamba magoti si kichwa, na Janine hana haja ya kujua.

Basi lango la kumi na moja, Avis ndiye aliyeingiza boti. Aliiweka vizuri mbele ya mstari. Tulifunga geti la juu, lile la nyuma yake, Cyril akafungua kizibo cha upande wake, mimi cha upande wangu, maji yakaanza kutoka. Halafu birika likapiga filimbi jikoni. Avis, ambaye amepita kwenye malango hayo mara mia mbili, akateremka ngazi kuliondoa motoni. Alipopita, nyonga yake ilisukuma mkono wa gia. Injini ikashika kurudi nyuma, polepole, bila kelele ya ziada. Mimi nilikuwa nikiongea na mama mmoja aliyekuwa akipita na mbwa. Nilikuwa nikisifu masikio ya mbwa.

Nilisikia chuma kikisaga jiwe. Nilipogeuka, tezi ilikuwa imekaa juu ya kizingiti, kavu kabisa, na omo inashuka. Kutoka ndani vilisikika vyombo vikianguka, kabati zima, halafu sauti ya Avis.

Mimi niliganda. Nasema wazi, niliganda na spana mkononi.

"Shusha chako!" Cyril akaniamrisha, na kizibo chake kilikuwa tayari chini. Nikashusha changu. Yeye ameshaanza kwenda kwenye geti la juu, mzee yule, magoti yale, anakimbia kwenye matofali yenye majani mabichi. Hakufungua vizibo vya juu kwa pupa kama ningefanya mimi, maana maji mengi kwa ghafla yangeigeuza boti ubavu. Alifungua robo, akangoja, akafungua nusu, macho yake kwenye tezi, midomo inahesabu. Maji yakapanda. Gwendoline akalia, akajinyanyua kutoka kwenye jiwe, akakaa sawa. Cyril akaruka juu ya boti, akazima injini, akaingia ndani, akamtoa Avis amemshika mabega. Mkono wa Avis ulikuwa umeungua na paji la uso lina mchubuko. Zaidi ya hapo alikuwa mzima. Nimeishi kwenye mifereji hii miaka ishirini na sita na sijaona mtu akifanya kazi ile vizuri zaidi.

Akamkalisha kwenye boriti, akavua koti lake akamfunika.

"Upo salama, bata?"

"Nipo."

"Pumua. Sasa, mumeo ni mtu wa namna gani, anakuachia usukani langoni peke yako?"

Avis akacheka. Cyril hakucheka.

"Simsemi kwa ubaya," akasema. "Mwambie tu aje siku moja, nitamwonyesha ule mstari mweupe. Bure." Kisha akanigeukia. "Bata, hebu mwite Avis wangu. Atakuwa mbele huko analiandaa lango. Ana dawa ya kuungua, amfunge huyu mama mkono."

Alinipapasa bega kunihimiza, akarudi ndani kuokota vyombo vilivyovunjika. Tulimsikia akigeuza vipande kimoja kimoja kusoma muhuri wa kiwanda, kama watu wa Burslem wafanyavyo hata msibani.

Avis alikuwa akitazama mkono wake.

"Kila asubuhi nampelekea chai," akasema. "Ananiambia, ahsante, bata. Nilidhani ananiita mimi."

Nilimwambia labda ni mshtuko tu. Aliniambia ninyamaze.

"Juzi aliniuliza kama mume wangu hataona vibaya nikilala hapa. Nikajua ni utani wake. Nikamjibu kwa utani." Alifuta pua. "Siku moja ataamka aone mwanamke asiyemjua kitandani kwake, Peg, na pembeni kuna maji. Siwezi. Malango ningeyaweza. Hili siliwezi."

"Basi tumwambie Janine ukweli."

"Janine nitamwambia ninachotaka. Nani atamwambia yeye? Umeshaona leo kama kuna anayeweza kumwambia Cyril kwamba hafai? Ameokoa boti! Hashuki kwa neno la daktari. Atashuka kwa neno lake mwenyewe, na neno lake unalijua."

Nililijua. Nilielewa anakwenda wapi, na sikumshika mkono. Njia ya mwongo ni fupi, tunasema, lakini ile ilikuwa fupi kupita kiasi: hatua nne kutoka kwenye boriti hadi mlango wa boti.

"Cyril," Avis akamwambia, amesimama mlangoni, "umeitundika."

Akainua uso, kipande cha sahani mkononi. "Nani?"

"Wewe. Umeitundika Gwendoline. Umelala usukanini, boti ikarudi nyuma."

Alitazama sakafu iliyolowa, vyombo, mkono wa Avis ulioungua. Niliona jinsi alivyokuwa akitafuta ndani ya kichwa chake, anafungua hiki, anafungua kile, na hakuna kitu. Yaliyotokea robo saa iliyopita yalikuwa yameshaondoka. Kisha akanitazama mimi, kwa sababu mimi ni Peg, na Peg hadanganyi.

"Kweli, bata?"

Nikasema, "Kweli, kijana."

Nimejaribu kukumbuka kama sauti yangu ilisita. Haikusita.

Aliweka kile kipande mezani. Akachukua spana yake, akaifuta kwa kitambaa, akanipa, akaketi kwenye benchi ndani, mikono magotini, kofia ameivua. Hakugusa usukani tena. Mimi ndiye niliyeishusha Gwendoline lango lile na manne yaliyobaki, na Avis aliandaa kila lango mbele yetu kwa mkono mmoja. Kila lango alitazama nyuma kuona kama Cyril atachungulia.

Janine alikuwa akingoja chini karibu na gari lake. Alimwona mama yake na mchubuko wa paji la uso, uso wake ukabadilika.

"Nani alikuwa usukanini?"

Sisi wawili tulikuwa tumepanga la kusema, lakini Cyril alitutangulia. Alipanda ngazi taratibu, akashuka kwenye nyasi.

"Mimi," akasema. "Nimeitundika na mama wa watu yumo ndani. Nipeleke unakonipeleka."

Boti iliuzwa kwa wenzi vijana kutoka Leeds ambao wameipaka rangi ya zambarau. Kwa Janine mzee alikaa miezi mitano. Alikuwa akitoka asubuhi kutafuta mfereji, wakamkuta kwenye maegesho ya magari amepiga magoti akichunguza mstari mweupe uliochorwa chini. Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee. Ni safi, wahudumu si wabaya, na nikitoka pale huwa siwezi kuendesha gari mpaka nimekaa kwanza. Nilifikiri tulimtoa majini ili asiumie. La kuvunda halina ubani, nilijipoza hivyo, angeharibikiwa tu popote alipo.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kusahau hakuchagui kama sisi tungechagua. Burslem imeondoka. Tanuri limeondoka, Janine ameondoka, jina la Gwendoline pia, na Avis ambaye huja kila siku anadhaniwa ni mmoja wa wahudumu. Limebaki lile moja tulilomtia sisi. Humweleza kila anayeingia, mletea chakula, mfagiaji, mgeni wa mtu mwingine: "Unajua, bata, mimi niliitundika boti." Na analia, mtu ambaye hakulia hata kiwanda kilipofungwa.

Jumapili iliyopita, Avis akiwa pembeni yake, Cyril alinieleza mimi mara tatu kabla ya chai. Nilishindwa. Nikavuta kiti, nikamshika mikono yote miwili.

"Cyril, nisikilize. Si wewe. Wewe uliiokoa. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu. Nilikudanganya."

Nilidhani Avis atanizuia. Akasema, "Ni kweli, Cyril. Usukanini nilikuwa mimi. Ni mimi niliyeitundika."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Uso wake ulikuwa wa mtu muungwana anayepewa zawadi asiyoweza kuipokea.

"Mna mioyo mizuri," akasema. "Lakini mwanamume hatundiki boti, halafu akawatwisha wanawake." Akavuta mikono yake kutoka kwangu, kwa adabu. Baada ya muda akamwinamia Avis. "Yule mama aliyekuwa ndani. Alipona?"

"Alipona."

"Na mumewe? Alinisamehe?"

Avis alikuwa akimfunga kifungo cha sweta. Alikimaliza kwanza.

"Nakuja hapa kumwuliza kila siku," akasema.

Cyril akamshukuru, akamwambia asijisumbue sana kwa ajili yake.